Nargis, mwanamke aliyeibeba sinema ya Kihindi mabegani

Mwaka 1951, India ikiwa na mwaka mmoja na ushei tangu kuwa jamhuri, watu wa Bombay waliingia sinema wakakutana na mwanamke kijana aliyevaa joho la uwakili, amesimama mahakamani, anamhoji mzee mwenye cheo. Mzee huyo ni Jaji Raghunath, mtu aliyezoea kuwahukumu wenzake kutoka kiti cha juu, na leo yuko kizimbani kama shahidi. Wakili ni Rita, binti aliyelelewa na jaji huyohuyo. Anamuuliza habari za mke aliyemfukuza nyumbani akiwa mjamzito. Sauti yake haipandi. Anauliza, anangoja, anauliza tena, na kila jibu linamvua mzee heshima yake kidogo kidogo.

Filamu ile ni Awaara. Jaji ni Prithviraj Kapoor, simba wa jukwaa la maigizo wa zama zile. Mshtakiwa ni Raj Kapoor, mwanawe wa kumzaa, ambaye pia ndiye aliyeiongoza filamu yenyewe. Na wakili aliyewaweka wote wawili mkononi mwake ni Nargis, akiwa na umri wa miaka 22.

Habari za Nargis zimezoeleka kusimuliwa kupitia wanaume waliomzunguka: Raj Kapoor aliyempenda, Sunil Dutt aliyemwoa, Sanjay Dutt mwanawe. Hayo yote ni kweli, na baadhi yake ni visa vitamu. Lakini ukizitazama filamu zake kwa mfuatano, kuanzia Andaz ya 1949 hadi Raat Aur Din ya 1967, unaona mtu aliyeisukuma sinema nzima ya Kihindi ibadili namna ya kumtazama mwanamke, na aliyefanya kazi hiyo kwa kipaji chake mwenyewe na kwa malezi ya mwanamke mwingine aliyemtangulia.

Mwanamke huyo ni mama yake, Jaddanbai.

Jaddanbai alitoka katika ukoo wa waimbaji wa kike wa kaskazini mwa India, wale waliokuwa wakialikwa na matajiri na watawala wadogo kuimba na kucheza, wakisifiwa kwa sanaa yao usiku na kukwepwa mchana. Sinema ilipoanza kupata sauti, yeye aliona mlango. Alihamia Bombay, akaanzisha kampuni yake ya filamu, akaandika hadithi, akaongoza, na akatunga muziki wa filamu wakati ambapo kazi hiyo karibu yote ilikuwa mikononi mwa wanaume. Mumewe, Abdul Rashid, alizaliwa katika familia ya Kihindu akasilimu. Binti yao, Fatima Rashid, alizaliwa Calcutta tarehe 1 Juni 1929. Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, mama akamweka mbele ya kamera katika Talashe Haq ya 1935, filamu ambayo muziki wake Jaddanbai aliutunga mwenyewe. Kwenye orodha ya waigizaji mtoto aliandikwa Baby Nargis. Jina la Fatima likabaki nyumbani.

Inasimuliwa kwamba msichana huyo alitaka kuwa daktari. Mama alikuwa na mpango mwingine, na rafiki wa familia, muongozaji Mehboob Khan, alikuwa na nafasi ya kujaza. Mwaka 1943, Nargis akiwa na miaka 14, Mehboob akampa nafasi ya mhusika mkuu wa kike katika Taqdeer, akicheza pamoja na Motilal, nyota aliyekwisha komaa. Kuanzia hapo shule ikapewa mgongo.

Mwandishi Saadat Hasan Manto, aliyekuwa akifanya kazi katika sinema za Bombay siku hizo, ameacha maandishi yanayomwonyesha Nargis wa miaka ile kwa karibu. Mke wa Manto na shemeji zake walikuwa na mchezo wa kumpigia Nargis simu bila kujitaja, kwa udadisi tu wa kuzungumza na nyota. Nyota mwenyewe akaupenda mchezo. Akawa anangoja simu zao, mwisho akaenda kuwatembelea, na Manto akagundua siri hiyo nyumbani kwake mwenyewe. Kisa hicho kinamwonyesha binti wa miaka kumi na kitu, anayelipwa kama mtu mzima, anayelindwa na mama yake kama mali, na anayetafuta wasichana wenzake wa kupiga nao soga. Ni vizuri kumkumbuka hivyo kabla hatujafika kwenye tuzo na mabango.

Sinema ya Kihindi ya wakati ule ilikuwa bado inanuka jukwaa. Waigizaji wengi walikuwa wameirithi mitindo ya maigizo ya Kiparsi: macho yanakodolewa, mkono unapelekwa kifuani, sentensi zinatamkwa kama hotuba ili mtu wa kiti cha nyuma kabisa asikie. Nargis alizungumza kama watu wanavyozungumza. Aliweza kumsikiliza mwenzake huku kamera ikimwangalia yeye, na kusikiliza mbele ya kamera ni kazi ngumu kuliko kulia. Hakuwa mrembo wa kupigiwa mfano kwa vipimo vya Bombay ya siku zile, ambako mwigizaji Madhubala alikuwa akisifiwa kwa uso wake kuliko mwanamke yeyote. Uso wa Nargis ulikuwa mrefu, taya imara. Ulifaa kufikiri.

Mehboob aliliona hilo, akamtengenezea Andaz mwaka 1949. Humo Nargis ni Neena, binti wa tajiri, anayevaa suruali, anayepanda farasi, anayecheka na rafiki wa kiume bila kuona aibu. Rafiki huyo, anayechezwa na Dilip Kumar, anayachukulia mazoea hayo kuwa mapenzi. Raj Kapoor, anayekuja kumwoa, anayachukulia kuwa uasherati. Kati ya wanaume hao wawili, hakuna anayemuuliza yeye mwenyewe ana nini moyoni, na mambo yanaishia kwenye bastola na jela. Filamu inamalizikia upande wa wazee, kwa kuonya mabinti dhidi ya mambo ya kisasa. Lakini Nargis aliicheza Neena kwa uhai kiasi kwamba onyo lenyewe linapoteza nguvu. Mtazamaji anatoka akimwonea uchungu mwanamke aliyehukumiwa kwa kucheka.

Mwaka huohuo Jaddanbai akafariki. Na mwaka huohuo ikatoka Barsaat.

Barsaat ndiyo iliyoifanya RK Films, kampuni changa ya Raj Kapoor, isimame kwa miguu yake. Faida yake ilisaidia kujenga studio ya Chembur. Katika tukio moja, Raj ameshika fidla kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unamdaka Nargis aliyeinamia nyuma. Picha hiyo ikageuzwa kuwa nembo ya kampuni, ikachorwa kwenye kila filamu yao iliyofuata na kwenye lango la studio. Kwa maneno mengine, kwa miongo mingi baada ya Nargis kuondoka pale, kila filamu ya RK ilianza kwa mwili wake. Walicheza pamoja filamu 16, na baadhi ya zile alizocheza nje ya RK, kama Jogan na Babul za 1950 au Deedar ya 1951, zilimkutanisha na Dilip Kumar. Katika kipindi hicho hapakuwa na mwigizaji wa kike aliyekuwa na uzito kama wake.

Awaara iliandikwa na Khwaja Ahmad Abbas, mwandishi wa habari wa mrengo wa kushoto, aliyetaka kupinga imani kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi na mtoto wa jaji lazima awe mtu mwema. Muziki ulikuwa wa Shankar na Jaikishan, sauti ya kuimba ya Nargis ikiwa ni ya Lata Mangeshkar. Ndani ya filamu hiyo mna lile tukio la ndoto, lenye mawingu ya moshi, ngazi zinazopanda mbinguni na masanamu makubwa ya miungu, ambalo lilichukua miezi mitatu kupigwa picha. Mna pia tukio la ufukweni, Rita akiwa na nguo ya kuogelea, anamtania Raj, na Raj anamzaba kofi. Tukio hilo linauma kulitazama leo, na ni haki liume. Hata hivyo mwisho wa hadithi, anayesimama mahakamani na kumtetea mtu huyo kwa sheria na kwa hoja ni Rita, na bila yeye Raj hana wa kumsemea.

Mwaka 1954 filamu hiyo ilipelekwa Umoja wa Kisovieti. Watu zaidi ya milioni 60 walikata tiketi kuiona. Raj na Nargis walipozuru Moscow walilakiwa na umati. Kwa wananchi waliotoka kwenye vita vikubwa na waliozoea filamu za viwanda na mashujaa, mapenzi, nyimbo na machozi ya Awaara yalikuwa kama mvua. China nayo iliipokea, na Uturuki ikaipenda mpaka waigizaji wa huko wakatengeneza toleo lao mwaka 1964. Nargis alirudi kufanya kazi na Wasovieti: mwaka 1957 alicheza Pardesi, filamu ya ushirika wa nchi mbili hizo juu ya Afanasy Nikitin, mfanyabiashara wa Kirusi aliyefika India karne ya 15.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa kwenye njia ya filamu hizo. Mikanda ilikuja kwa meli zilezile zilizoleta vitambaa na viungo, na majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, mengi yakimilikiwa na Wahindi wenyeji, yalijaa. Mwanahistoria Laura Fair, aliyetumia miaka mingi kuchunguza sinema za Tanzania na kuandika kitabu cha Reel Pleasures kilichotoka 2018, aliwahoji wazee wa Zanzibar kuhusu filamu walizozipenda ujanani. Awaara ilikuwa miongoni mwa zilizokumbukwa kuliko zote. Sababu walizozitoa zina mantiki: vijana wa miaka ya 1950 walikuwa wanaishi katika mji ambako wazazi ndio waliochagua mchumba, na humo ukumbini wakamwona Rita akimchagua kijana asiye na baba wala mali, kisha akimtetea hadharani. Waliporudi nyumbani walikuwa na la kujadili na wazee wao, na mjadala ulikuwa kuhusu Rita na Raj, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kujitaja. Wanawake walikuwa na maonyesho yao peke yao, hivyo hata waliokaa ndani walimfahamu Nargis kwa sura na kwa mwendo.

Nyimbo nazo zilibaki. Watunzi wa taarab wa pwani walichukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyatilia mashairi ya Kiswahili, na bingwa wa mtindo huo, Juma Bhalo wa Mombasa, alijijengea jina maisha yake yote kwa njia hiyo. Mtu aliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa au Ng'ambo ya Unguja anaweza asijue neno moja la Kihindi na bado akaziimba tuni za zama za Nargis kutoka mwanzo hadi mwisho.

Turudi Bombay. Shree 420 ya 1955 ina tukio moja ambalo pengine ndilo linalojulikana kuliko yote katika sinema ya mapenzi ya Kihindi. Ni usiku, mvua inanyesha, kuna mwavuli mmoja. Nargis, anayecheza Vidya, mwalimu fukara, na Raj, kijana aliyekuja mjini kutafuta riziki, wanasukumiana mwavuli, kila mmoja akitaka mwenzake asilowe. Hawagusani sana. Vidya anainua macho, anayashusha, anasogea hatua nusu, na katika hatua hiyo nusu amekwisha kubali kila kitu. Kisha wanapita watoto watatu ndani ya makoti ya mvua. Walikuwa watoto wa Raj Kapoor mwenyewe, na mdogo wao, Rishi, alikuwa hajafika hata miaka mitatu. Rishi alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba mvua ya bandia ilimwingia machoni akawa analia, ikashindikana kupiga picha, mpaka Nargis akamhonga chokoleti ili atembee macho yakiwa wazi.

Mtoto huyo alikuwa wa Raj na mkewe wa ndoa. Hapo ndipo palipokuwa na jeraha. Raj hakuwa tayari kumwacha mkewe, na Nargis, baada ya miaka ya kuijenga RK kana kwamba ni yake, akaona hana mahali humo. Chori Chori ya 1956 ikawa filamu yao ya mwisho wakiwa wapenzi wa kwenye skrini. Katika Jagte Raho ya mwaka huohuo, Raj ni mtu wa shamba aliyekuja Calcutta, ana kiu, na usiku kucha anakimbizwa kama mwizi kwa kuomba maji. Kunapopambazuka, anamkuta mwanamke mwenye sari nyeupe anateka maji, naye anamnywesha. Mwanamke huyo ni Nargis. Ndivyo ushirika wao ulivyokwisha mbele ya kamera.

Wakati huo alikuwa amekwisha kukubali kazi nyingine, kwa Mehboob yuleyule aliyemwanzisha.

Mehboob Khan alikuwa ametengeneza Aurat mwaka 1940, hadithi ya mwanamke wa kijijini anayelea watoto peke yake chini ya mzigo wa deni. Sasa alitaka kuirudia kwa rangi na kwa ukubwa wa taifa huru. Jina alilochagua, Mother India, lilikuwa na makusudi. Mmarekani Katherine Mayo alikuwa ametoa kitabu chenye jina hilo mwaka 1927 akiwadhalilisha Wahindi, na viongozi wa serikali walipoingiwa na wasiwasi juu ya jina la filamu, Mehboob aliwaandikia kwamba nia yake ni kulipokonya jina hilo kwa mwandishi yule.

Radha, anayechezwa na Nargis, anaolewa. Mama mkwe amekopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili arusi ipendeze, na mkopeshaji anadai robo tatu ya mazao kila msimu kama riba. Hakuna anayejua kusoma, basi hakuna wa kubishana na daftari. Mume anapondwa mikono na jiwe kubwa wakisafisha shamba jipya, anaona aibu kulishwa na mkewe, anaondoka usiku na harudi. Mafuriko yanakuja, yanamchukua mtoto mchanga. Radha amesimama ndani ya maji, dungu la mbao limemlalia begani, wanawe wako juu yake. Baadaye anajifunga nira na kuvuta plau mwenyewe, shingo imekaza, udongo umeganda usoni. Hiyo ndiyo picha iliyobandikwa kwenye kuta za miji mingi duniani.

Watu wanaikumbuka plau, na wana haki. Lakini tukio linaloonyesha ukubwa wa Nargis ni lile la Radha kwenda kwa Sukhilala. Watoto wana njaa. Mkopeshaji ana chakula, na bei yake inajulikana. Radha anaingia akiwa ametapakaa tope, anaikuta sanamu ya mungu wa kike Lakshmi, mungu wa neema na mali, na anaanza kusema nayo. Analalamika, anacheka, anakemea, anaelekea kuvunjika, kisha kitu ndani yake kinakaza na anakataa. Mabadiliko yote hayo yanapita usoni mwake kwa dakika chache, mbele ya Kanhaiyalal, mwigizaji aliyekuwa amecheza mkopeshaji huyohuyo katika Aurat. Ni vigumu kutaja mwigizaji mwingine wa kizazi kile, wa kike au wa kiume, ambaye angelibeba tukio hilo bila kulifanya liwe vilio vitupu.

Halafu kuna mwisho wa filamu. Birju, mtoto wa pili, aliyekua na kinyongo cha udogoni, anakuwa jambazi, anamuua Sukhilala na kumteka binti yake siku ya arusi. Kwa Radha, heshima ya binti yeyote wa kijiji ni heshima yake. Anashika bunduki na kumpiga risasi mwanawe, kisha anakimbia kumpakata. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Nargis, aliyekuwa hajazaa bado, aliucheza uchungu huo na bado akamwacha Radha awe na uamuzi wake. Kuna jambo moja linaloshangaza zaidi: Sunil Dutt aliyecheza Birju alizaliwa Juni 1929, siku tano baada ya mama yake huyo wa kwenye filamu.

Na ni katika filamu hiyo, walipokuwa wakipiga picha kijijini Umra huko Gujarat, moto wa marobota ya nyasi ulipogeuzwa na upepo ukamzunguka Nargis. Sunil Dutt alijitosa akamtoa, akaungua yeye. Nargis alimuuguza mpaka akapona. Walifunga ndoa tarehe 11 Machi 1958, yeye Mwislamu, mumewe Mhindu, miaka kumi na ushei tu baada ya Bara Hindi kugawanywa kwa damu kwa misingi ya dini.

Mother India ilitoka Oktoba 1957. Ilikuwa filamu ya kwanza ya India kufika katika hatua ya mwisho ya Tuzo za Oscar, kundi la filamu za lugha za kigeni, na inasimuliwa kwamba ilishindwa kwa kura moja na Nights of Cabiria ya Federico Fellini. Nargis alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike, tuzo kama hiyo katika tamasha la Karlovy Vary huko Chekoslovakia, na nishani ya taifa ya Padma Shri, yote mwaka 1958.  Mkanda wenyewe ukaendelea kusafiri. Mtafiti Brian Larkin aliukuta Kano, kaskazini mwa Nigeria, katika miaka ya 1990, bado unajaza ukumbi kwa Wahausa waliouona mara nyingi na waliojua kila tukio linalofuata.

Baada ya harusi aliacha kupokea kazi mpya. Zilizokwisha anza zikamalizika na kutoka, Lajwanti mojawapo. Wakazaliwa Sanjay, Namrata na Priya. Mwaka 1964 Sunil Dutt alitengeneza Yaadein, filamu ya ajabu yenye mwigizaji mmoja tu, yeye mwenyewe, ambamo Nargis anaonekana kama kivuli ukutani.

Kisha ikaja Raat Aur Din mwaka 1967, filamu iliyochukua miaka kukamilika, na ambayo haistahili kusahauliwa kama ilivyosahauliwa. Mchana yeye ni Varuna, mke mtulivu wa mwanamume mwenye nafasi. Usiku anaamka akiwa Peggy, anavuta sigara, anakunywa, anacheza dansi vilabuni, na asubuhi hakumbuki lolote. Daktari wa akili anachimba utotoni mwake kutafuta mzizi. Filamu yenyewe ina sehemu zinazolegalega. Nargis halegei. Peggy ana mabega mengine, kicheko kingine, namna nyingine ya kuketi, na hofu ya Varuna anapoambiwa alichokifanya usiku ni hofu ya mtu anayeambiwa kwamba nyumbani mwake anaishi mgeni. Mwaka uliofuata serikali ya India ilipoanza kutoa tuzo za taifa kwa waigizaji, mwanamke wa kwanza kuipokea alikuwa yeye, kwa kazi hiyo. Hakucheza filamu nyingine.

Miaka iliyobaki aliitumia kwa kazi za watu. Pamoja na mumewe waliunda kikundi cha Ajanta Arts kilichokwenda kutumbuiza wanajeshi mipakani, na baada ya vita vya ukombozi vya Bangladesh mwaka 1971 kikundi hicho kilifika Dhaka. Alikuwa mlezi wa kwanza wa chama cha India kilichohudumia watoto wenye mtindio wa ubongo, katika nchi ambako wengi wao walikuwa wakifichwa vyumbani. Mwaka 1980 aliteuliwa kuingia Rajya Sabha, bunge la juu.

Akiwa mbunge aliingia kwenye ubishi unaotajwa hadi leo: alimshutumu Satyajit Ray, muongozaji mkubwa wa Bengal, kwa kuwauzia Wazungu umaskini wa India badala ya kuonyesha mabwawa na maendeleo. Hapo alikosea. Umaskini ndio uliompa Radha, na Pather Panchali ya Ray na Mother India zinatazama kijiji kilekile kwa macho mawili tofauti. Lakini aliyasema kwa moyo wa mtu aliyeamini kwamba sinema ni mali ya taifa, na imani hiyo ndiyo iliyompeleka mipakani kwa wanajeshi na wodini kwa watoto.

Saratani ya kongosho ilimkamata wakati huohuo. Alitibiwa New York, akarudi, akafariki Bombay tarehe 3 Mei 1981, kabla hajatimiza miaka 52. Rocky, filamu ya kwanza ya mwanawe Sanjay, ilionyeshwa siku chache baadaye, na kiti kimoja kikaachwa wazi kwa ajili yake. Alizikwa kwa taratibu za Kiislamu katika makaburi ya Bada Qabrastan, Marine Lines. Sunil Dutt aliendeleza shughuli za misaada kwa wagonjwa wa saratani kwa jina la mkewe, na hospitali ya Barshi huko Maharashtra inaitwa kwa jina hilo.

Serikali nayo iliweka jina lake kwenye tuzo ya taifa ya filamu inayohimiza umoja wa wananchi, na kwa miongo mingi waongozaji wa lugha zote za India walipokea tuzo ya Nargis Dutt. Mwaka 2024 kanuni za tuzo za taifa zilibadilishwa na jina likaondolewa. Ni hasara. Mtoto wa Jaddanbai na Abdul Rashid, Mwislamu aliyecheza Radha mbele ya Lakshmi mpaka Wahindu wakamwona mama yao, aliyeolewa nje ya dini yake na kuzikwa ndani yake, alikuwa na haki ya jina hilo kuliko nyota yeyote wa Bombay. Anayetaka kujua kwa nini, hahitaji kungoja kamati yoyote: Andaz, Awaara, Shree 420, Mother India na Raat Aur Din zote zinapatikana, na kwa mtu anayeanza leo, aanze na Mother India, kisha aruke moja kwa moja hadi Raat Aur Din, aone umbali ambao mwanamke mmoja aliweza kuutembea kwa miaka kumi.